Kifua Chenye Sindano

Kwako Dada Mkubwa,

Shikamoo dada. Natumaini karatasi hii inakukuta salama, umekaa kwenye kile kiti chako kilichopoteza mgongo, mguu mmoja juu ya kanyagio la cherehani, pini zimekujaa kwenye ukosi. Mimi huku ni mzima wa mwili. Shemeji hajambo? Wapwa zangu hawajambo? Yule mkubwa bado anakuibia vitambaa vya kuwashonea wanasesere nguo, au ameshakua anaona haya? Na jicho lako je? Mara ya mwisho uliniambia limeingia vumbi la vitambaa na kope imekuwa nzito, hasa jioni. Swali hilo la jicho naomba unijibu kwa kweli, si kwa mzaha.

Najua utashangaa kuona barua wakati sote tuna simu na kila Jumapili tunapiga soga. Lakini nakujua, dada. Mtu akianza habari za ugonjwa, mtandao wako unaharibika ghafla, au simu inahamia mikononi mwa shemeji naye anabaki kuniuliza habari za mvua. Karatasi haina mtandao. Nina ombi moja tu kabla sijaanza: usisome mwisho kwanza. Najua tabia yako, hata gauni huliangalii mbele mpaka uligeuze uone mshono. Safari hii nivumilie. Kuna mtu mmoja ni mgonjwa na hajui kwamba ni mgonjwa. Muda wa kumponya bado upo, ila si wa kuuchezea. Nataka nikueleze kwa utaratibu nilivyomfahamu, maana nikianzia katikati utasema mimi Kitinda nimetia chumvi kama kawaida yangu.

Kazi yangu unaijua juu juu. Shemeji alinisimulia unavyowaambia majirani kwamba mdogo wako anafanya kazi ya akili ya bandia, na kwamba ni kama kucha za bandia tu, zinapendeza lakini usizifulie nguo. Sikuwa na mbavu siku hiyo. Ukweli wenyewe ni kwamba tunaifundisha kompyuta kusoma picha za eksirei za kifua. Tunaionyesha picha maelfu kwa maelfu, hiki kifua kizima, hiki kina maji, hiki kina kifua kikuu, mpaka inaanza kutambua yenyewe. Shabaha ni kwamba hospitali isiyo na daktari wa kusoma picha ipate angalau jicho la pili.

Chumba chetu kiko juu ya duka la vioo na fremu, kama ulivyokiona siku uliyokuja kupima madirisha. Yale mapazia meusi uliyotushonea yanafanya kazi vizuri kupita kiasi. Unaweza kutoka nje jua la saa saba linawaka, ukafungua mlango, usione kitu ila mbavu za watu zinaning'inia gizani. Mwanzoni zilikuwa zinanisumbua. Baadaye nikazoea, nikawa nakula maandazi mbele ya picha hizo bila wasiwasi.

Picha hizo zinatoka hospitali mbalimbali, na kila moja inatufikia ikiwa imefutwa jina. Pale juu kwenye kona palipoandikwa jina pamepakwa mstari mweusi. Hatujui ni nani, wa wapi, wala alipigwa picha lini, maana hata tarehe zinavurugwa makusudi. Siku niliyoajiriwa niliweka sahihi kwamba sitajaribu kamwe kumtafuta mwenye picha. Niliiweka kwa moyo mweupe. Mtu akikupa kifua chake ukitazame, kitu kidogo unachoweza kumfanyia ni kutomchungulia uso.

Sasa shida yetu ilikuwa magonjwa adimu. Kuna uvimbe mmoja unaoota nyuma ya mfupa wa kidari, jirani kabisa na moyo, na katika picha zetu zote wenye uvimbe huo walikuwa wachache mno. Kompyuta ikawa inawapuuza, kama mwalimu wa darasa kubwa anavyomsahau mtoto anayekaa nyuma. Kwa hiyo nilipewa kazi ya kuwaongeza. Nilichukua zile picha chache nikazinakili mara nyingi sana, nyingine nikizilaza kidogo, nyingine nikizipunguza mwanga, ili kompyuta idhani ni watu wengi. Kisha tukatengeneza programu ya pili ambayo kazi yake si kusoma. Yenyewe inachora. Inatazama vifua vya watu wa kweli, halafu inachora vifua vipya vya watu ambao hawapo, nasi tunavitumia kuifundishia ile ya kwanza.

Za mwanzo zilikuwa kichekesho. Moja ilikuwa na mbavu zinazopishana kama vidole vya mtu anayeomba msamaha. Lakini siku zilivyokwenda ikajua, dada, ikajua kweli. Na jambo la kwanza lililonitia ubaridi ni ule mstari mweusi. Hakuna aliyeifundisha kuuchora, ila kwa kuwa iliuona kwenye kila picha, nayo ikawa inauweka pale pale juu kwenye kona. Ilikuwa inaficha jina la mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Tulicheka sote, kisha kila mtu akarudi kwenye skrini yake.

Tunaye daktari wa picha anayekuja mchana akishamaliza zamu yake hospitalini. Ni mama mtu mzima, ana miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na huwa haikumbuki ile ya kichwani. Kazi yake ni kusoma upya zile picha za kweli za zamani, na kupitia yale yanayochorwa na kutuambia yapi yanafanana na watu. Siku moja aliniuliza ni nani aliyechafua skrini. Akafuta kwa mkono wa gauni, hakikutoka kitu. Akafuta tena. Kumbe kilikuwa ndani ya picha: kimstari cheupe, kifupi, chembamba, chini ya kwapa. Alisema mwilini hakuna kitu kilichonyooka namna hiyo, hicho ni chuma, kama kipande cha sindano. Tukadhani programu imekosea tu, tukakiacha.

Kesho yake kilitokea tena, kwenye kifua kingine. Kifua hicho kilikuwa kipana zaidi na mapafu yalikuwa marefu, lakini kimstari ni kile kile, kimelala vile vile. Na mtulinga wa upande huo huo ulikuwa na kinundu, kama mfupa uliovunjika zamani ukaungana vibaya. Baada ya hapo mtu huyo akawa anakuja kila mara. Tuliiomba programu mzee, ikachora mzee mwenye sindano. Tuliiomba kijana, ikachora kijana mwenye sindano. Tukambatiza jina hilo, Sindano, na kiongozi wa timu akawa anaingia asubuhi akiuliza kama Sindano ameripoti kazini. Tulicheka, lakini nakwambia kweli, nilianza kutopenda kuwa wa kwanza kufungua mlango.

Nilikukumbuka, dada. Ningeachaje kukukumbuka? Mtoto gani wa nyumba yetu asiyeijua hadithi ya godoro ambalo marehemu mama alikuwa analishona, ukajitupa juu yake kabla hajamaliza, sindano ikavunjika na nusu yake ikabaki kwapani mwako? Mganga wa zahanati alisema iachwe, haitadhuru. Ukakaa unatutambia kwamba wewe una chuma ndani, na ulipokuwa fundi tukasema sindano ndiyo iliyokuchagua. Lakini yako iko kushoto, na mtulinga uliouvunja kwa baiskeli ni wa kushoto. Vya Sindano vyote viwili vilikuwa kulia. Nikacheka peke yangu nikisema moyoni, kumbe dada ana mwenzake mahali. Nilipanga kukusimulia Jumapili ile. Ulipopokea ulikuwa unaongea kwa pua, maneno yanateleza, nikakutania kwamba una kipande cha muhogo mdomoni. Tukahamia mambo mengine.

Halafu daktari akataka kujua kama programu inauelewa ule uvimbe wenyewe au inaukariri tu. Tulikuwa na kijiti kidogo kwenye skrini, ukikivuta kulia ugonjwa unakua, ukikivuta kushoto unapungua. Akaniambia nimlete Sindano. Nikavuta. Uvimbe uliokuwa kama bonge dogo pembeni ya moyo ukatokeza, ukajaa, ukaanza kusukuma pafu. Nikavuta tena. Pafu la upande mmoja likawa jeupe. Hakuna aliyekuwa anacheka sasa. Daktari aliniashiria niendelee mpaka mwisho kabisa, pale ambapo hakuna picha ya kweli iliyowahi kufika, na hapo programu ikawa imeishiwa na mtu wa kuchora. Mbavu zilififia, moyo ukafutika, ukabaki weusi mtupu. Na ndani ya weusi huo, mahali pake pale pale, imelala sindano peke yake. Juu kwenye kona, ule mstari wa kuficha jina.

Daktari alivua miwani ya machoni akavaa ya kichwani, akasema nirudishe. Nilirudisha haraka mno.

Nadhani ni kwa ajili ya kututuliza kwamba alianza kueleza habari za uvimbe huo. Alisema unakua polepole, na ukiwahiwa ungali mdogo unatolewa kwa upasuaji na watu wengi wanarudi kwenye shughuli zao. Tatizo ni kwamba wenye nao hawaji kulalamikia kifua. Wanalalamikia vitu vingine kabisa. Kope inaanguka jioni. Wanaona vitu viwili viwili. Wanachoka kutafuna, sauti inatokea puani. Asubuhi wanaamka wazima, kwa hiyo hakuna anayewaamini, na wao wenyewe wanajitia hamnazo. Mimi nilikuwa namsikiliza kwa sikio moja. Bado nilikuwa naiona ile sindano ikielea gizani.

Alipomaliza aliikazia macho tena picha akauliza kwa nini moyo wa huyu mtu uko upande usio wake. Moyo huegemea kushoto, na wa Sindano uliegemea kulia. Alisema watu wa hivyo wapo, ila ni nadra sana, na sisi tulikuwa naye kila siku. Kisha akanitazama akaniuliza taratibu zile picha nilizinakilije.

Nikamweleza. Nilizilaza, nikazipunguza mwanga, na zote nikazigeuza kama kwenye kioo. Ndivyo tunavyofanya katika kazi hii tukiwa na picha za paka au magari, maana paka akitazama kulia au kushoto ni paka yule yule. Nilifanya kwa mazoea tu, bila kufikiri. Daktari hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba kifua hakigeuzwi, binadamu ana upande wake. Na alisema hilo ndilo linaloeleza Sindano: si mtu wa kubuni hata kidogo. Ni mtu mmoja wa kweli, niliyemnakili mara nyingi mno mpaka programu ikamkariri kichwani, nami nimemgeuza.

Nilibonyeza kitufe kumrudisha alivyo. Kifua kikageuka. Moyo ukaenda kushoto. Mtulinga wenye kinundu ukaenda kushoto. Sindano ikahama, ikalala chini ya kwapa la kushoto.

Dada, kaa chini kama umesimama. Ni wewe.

Nilikaa mbele ya kifua chako, chini ya mapazia uliyoshona wewe, na wenzangu wakawa wanaendelea kumtania Sindano. Walipotoka kwenda kula nilizitafuta zile picha chache za kweli nikaikuta yako. Ipo moja tu. Uvimbe ni mdogo, mdogo kuliko kwenye michoro yote. Nadhani ni ile uliyopigwa ulipokuwa unaomba kazi ya kushona sare kiwandani, ukarudi na cheti kwamba kifua ni safi, ukakibandika ukutani kwa pini. Aliyeisoma picha wakati ule hakuuona uvimbe, na daktari wetu anasema hata yeye asingeuona kwa haraka. Aliuona kwa sababu kazi yake kwetu ni kutazama picha za zamani bila haraka. Akaandika pembeni kuwa una uvimbe, na hapakuwa na wa kumwambia, kwa sababu hapakuwa na jina.

Nilimuuliza kiongozi wa timu, kama mfano tu, tufanyeje tukigundua ugonjwa kwenye picha ambayo mwenyewe hajui. Alisema hatufanyi chochote, kwa kuwa hatujui ni nani, na watu walikubali picha zao zitumike kwa sharti hilo hilo kwamba hatutajua. Hakusema kwa ubaya, alionekana kama mtu ambaye swali hilo limeshamnyima usingizi. Ana haki. Nami nimelivunja sharti hilo kwa kukuandikia, na wakijua nitafukuzwa. Wanifukuze. Kazi nitapata nyingine.

Daktari nilimwambia ukweli wote. Aliosha kikombe chake, akakiosha tena. Mwishowe alisema kwamba Jumanne na Alhamisi asubuhi yupo kliniki yake, mlango wenye pazia la bluu, na kwamba mtu yeyote anaweza kuingia akasema kope yake inaanguka jioni. Hataulizwa nani kamtuma. Alisema pia nikwambie ufanye jambo moja. Jioni kope ikishaanguka, kaa mbele ya kioo, funga barafu kwenye kitambaa, uiweke juu ya kope kwa dakika chache. Jicho likifunguka, usiseme ni vumbi. Hata lisipofunguka, njoo.

Naogopa, dada. Nakuandikia kwa utani hapa na pale kwa sababu ndivyo tulivyozoeana, lakini naogopa kama sikuwahi kuogopa. Nimeona kifua chako katika siku ambazo bado hujaziishi. Nimekivuta kwa kidole changu mwenyewe mpaka kikaisha, ikabaki ile sindano peke yake. Tangu hapo kila simu yako isipopokelewa mara moja naliona lile giza. Daktari anasema mchoro si utabiri, programu haijui kesho ya mtu. Namwamini. Lakini kope yako inaanguka jioni, na hilo halikuchorwa na programu.

Kuna jambo la mwisho. Kwa kuwa umekaririwa, kiongozi ameamuru Sindano aondolewe. Nakala zote zitafutwa, na programu itafundishwa upya bila picha yako. Ni sawa na ni lazima. Tumepanga Ijumaa, na mwenye kazi ya kubonyeza ni mimi. Nimekuwa nikitafuta visingizio vya kuchelewesha, leo umeme, kesho diski imejaa, na vimeniishia.

Njoo kabla ya hapo. Funga cherehani, waambie wateja wako sare zitachelewa, mwachie shemeji watoto, panda gari la kwanza Jumatano nikupokee stendi, Alhamisi asubuhi nikupeleke mpaka kwenye pazia la bluu. Sitaingia nawe, ili asiulizwe mtu chochote. Nitakaa nje nikishika mkoba wako, ule unaouvaa bega la kulia kwa sababu la kushoto lina kinundu. Ninachoomba ni kwamba Ijumaa, nitakapokufuta mle ndani, uwe umelala nyumbani kwangu, chumba cha pili, unakoroma.

Msalimie shemeji sana, na umsomee barua hii yote, usiruke. Wapwa zangu wabusu, umwambie yule mkubwa kwamba mjomba ana mabaki ya kitambaa cheusi, anaweza kuyachukua yote. Ukiipokea, usinijibu kwa barua. Niambie tu kwenye simu umekata tiketi, hata kama mtandao ni mbaya.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda